Saa tatu za mwongoza ndege

Jirani yangu hapa Kipawa, mzee ninayemheshimu sana, bado anaamini kazi yangu ni kupunga vile vijiti vyekundu ndege inapoegeshwa. Nimemweleza mpaka nimechoka. Yule wa vijiti ni mwingine, na ana bahati, maana ndege anaiona. Mimi nyingi nazisikia tu, na sauti ikikatika nabaki na saa.

Ndege kubwa zinazokuja kutua Uwanja wa Julius Nyerere hazinisumbui sana, rada inanionyesha ziko wapi. Sasa chukua ndege ndogo, Cessna Caravan yenye watalii kumi, inakwenda kwenye kiwanja cha udongo ndani ya Hifadhi ya Nyerere. Redio ya VHF inakwenda kwa mstari ulionyooka, nayo dunia imejikunja. Rubani akiwa futi 10,000 tunasikilizana, kwa hesabu, hadi maili 120 za baharini hivi. Akiwa futi 1,000 zinabaki kama 40. Kwa hiyo kabla hajaanza kushuka ananitajia saa anayotarajia kutua, naiandika kwenye stripu, kile kikaratasi chembamba cha safari, kisha kimya. Ipo redio nyingine, HF, ambayo mawimbi yake hudunda angani na kurudi chini mbali sana, ila siku nyingine inachachatika kama mafuta ya mandazi.

Zikipita dakika 30 tangu saa ile bila habari yoyote, tunatangaza hatua ya kwanza ya dharura, hatua ya mashaka. Simu zinaanza kupigwa. Tusipopata kitu tunapanda hatua ya tahadhari, kisha ya hatari, na utafutaji unaanza.

Basi utaona kila kitu kimening'inia kwenye saa. Swali ni saa ipi.

Usafiri wa anga dunia nzima unafuata saa ileile, tunaiita Zulu, iliyo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa ya ofisini ikionyesha 13:20, Zulu ni 1020. Lakini askari wa wanyamapori aliye kiwanjani hasemi kumi na tatu na ishirini. Anasema saa saba na dakika ishirini, kama mama yake alivyomfundisha. Kutoka saa ya ofisini kwenda Zulu unatoa tatu. Kutoka saa ya Kiswahili, mchana, unaongeza tatu. Andika hilo mahali.

Mimi sikuliandika. Nikiwa mwanafunzi nilipokea simu: "Shikamoo mama, ndege yenu imetua salama, saa saba na ishirini." Marahaba, asante baba, nikaandika 0720 kwa mwandiko mzuri kabisa. Mkubwa wangu wa zamu akaiangalia stripu. Ndege ilikuwa imeruka Dar 0935. "Kwa hiyo," akasema, "imetua kabla haijaondoka?" Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka kwa adabu.

Kosa lile halikumdhuru mtu. Linalotisha ni la upande wa pili. Msimamizi wa kambi ambaye ni mgeni anakwambia kwa Kiingereza kwamba ndege itafika kumi asubuhi. Hiyo ni 0700 Zulu. Ukiandika 1000, utakaa saa tatu umetulia huku ndege imepotea. Na viwanja vile havina taa. Kosa kama hilo likitokea jioni, giza linaingia kabla hujajua kuna la kutafuta.

Wiki chache zilizopita ilibaki dakika nne nitangaze mashaka. Mkono ulikuwa tayari kwenye simu. Rubani mwingine aliyekuwa juu akielekea Songea akaingia kwenye masafa ya redio yetu: mwenzake amemwomba anifikishie kwamba ametua. Alipita chini mara tatu kufukuza pundamilia waliogoma kuondoka kiwanjani, kisha redio yake ikawa hainifikii.

Nikaandika 1147. Mwanafunzi aliyeketi kando yangu akahesabu kwa vidole.

"Dada, hiyo si saa nane na dakika arobaini na saba?"

"Ndiyo hiyo. Haya, piga simu kambini uulize anarudi saa ngapi. Na uwaulize kwa saa ipi."