Pakiti ya Gramu 92: Jinsi Chakula Tiba Kinavyomfikia Mtoto wa Mukuru

Pakiti moja ya chakula tiba, kinachopewa mtoto mwenye utapiamlo mkali, ina gramu 92 na kilokalori 500. Ndani mna njugu zilizosagwa laini, maziwa ya unga, sukari, mafuta ya mimea, vitamini na madini. Maji hayamo, na nguvu yake kubwa iko hapo. Vijidudu haviwezi kuzaana pakavu, kwa hiyo pakiti iliyofungwa hukaa hadi miezi 24 bila friji, na mama wa Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, anayenunua maji kwa mtungi hahitaji kuchanganya wala kuchemsha chochote.

Zamani mtoto mwenye utapiamlo mkali alitibiwa kwa maziwa maalumu yaliyokorogwa kwa maji safi, hospitalini, kwa wiki kadhaa. Mama alilala wodini na mtoto mmoja huku wengine watatu wakibaki nyumbani na jirani, na kibarua kikapotea. Wengi waliondoka kabla ya siku kufika, na wengine hawakuja kabisa. Mwaka 1996 daktari Mfaransa André Briend, akishirikiana na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset, alipata njia ya kuweka virutubisho vya maziwa yale ndani ya njugu. Mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa, yakiwemo Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, yakakubali rasmi kwamba mtoto asiye na ugonjwa mwingine mkubwa atibiwe nyumbani. Kwangu mimi, hii ni mojawapo ya kazi bora kabisa za misaada ya kimataifa, kwa sababu ilimwachia mama matibabu mikononi mwake.

Kazi yenyewe huanza na utepe wa mkono, wenye alama za milimita na rangi tatu. Mhudumu wa afya ya jamii hupita ploti kwa ploti akipima watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono ni wa kushoto. Kwanza unakunjwa kwenye kiwiko, unapimwa kutoka ncha ya mfupa wa bega hadi ncha ya kiwiko, na katikati panatiwa alama ya kalamu. Kisha mkono unanyooshwa, unaning'inia ukiwa umelegea, na utepe unazungushwa juu ya alama. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia 115 hadi chini kidogo ya 125 ni njano, utapiamlo wa wastani. Kuanzia 125 ni kijani.

Makosa hapa ni madogo lakini yanaumiza. Utepe ukikazwa hadi ngozi ijikunje, kipimo kinashuka. Ukilegea hadi penseli ipite chini yake, kinapanda. Julai, baridi ya Nairobi inapouma, mama husita kumvua mtoto sweta, na mhudumu mwenye haraka hupima juu ya nguo. Milimita chache za sufu zinatosha kumfanya mtoto mwekundu aonekane njano, arudishwe nyumbani bila kitu.

Halafu kuna miguu. Utepe peke yake haumwoni mtoto aliyevimba, kwa sababu maji ya mwilini humnenepesha kwa macho. Bonyeza juu ya miguu yote miwili kwa kidole gumba, sekunde tatu, kisha achilia. Shimo likibaki miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata kama utepe umesema kijani. Majirani humwita mtoto huyo mnono. Ningependa kila mhudumu abonyeze miguu kwanza, ndipo atoe utepe.

Katika kituo cha afya, kabla ya kupewa pakiti, mtoto hupimwa hamu ya kula. Watu hukiharakisha kipimo hiki, na ndicho kinachookoa maisha. Mama ananawa mikono kwa sabuni, anakaa pembeni pasipo kelele, mtoto mapajani, anampa chakula tiba kidogo kidogo na maji ya kunywa, bila kumlazimisha. Mpe hadi nusu saa. Mtoto wa kilo 7 hadi 9.9 anatakiwa amalize angalau theluthi ya pakiti. Akikataa, si ukaidi. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu hupunguza kazi ya moyo, figo na ini ili ubaki hai, na mtoto wa hivyo mara nyingi ana maambukizi yasiyoonekana, hata homa hana. Huyo hupelekwa wodini, aanzishiwe maziwa mepesi ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa kila mililita 100. Kumshindilia chakula kizito siku ya kwanza kunaweza kuulemea moyo wake.

Aliyefaulu hupewa dozi kulingana na uzito. Mtoto wa kilo 7.2 hupata pakiti 3 kwa siku, 21 kwa wiki, pamoja na dawa ya kuua bakteria ya siku chache. Matarajio ni aongeze gramu 5 hivi kwa kila kilo kwa siku. Kwake ni karibu robo kilo kwa wiki. Mizani isipopanda wiki tatu mfululizo, tatizo liko mahali, na mara nyingi liko nyumbani.

Nyumbani, pakiti ikandwe kwanza, kwa kuwa mafuta hujitenga na kukaa juu, na asiyeikanda humpa mtoto mafuta asubuhi na unga mkavu jioni. Anayenyonya anyonye kwanza, chakula tiba kifuate. Kisichanganywe na uji wala kupakwa kwenye mkate. Pakiti iliyobaki nusu ikunjwe mdomo, iwekwe kwenye mkebe safi wenye kifuniko.

Tatizo kubwa ni kugawana. Kitu kitamu cha njugu kikiingia chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watoto wanne wenye njaa, mama hawezi kumlisha mmoja huku wengine wakimtazama. Maneno ya "mama, hii ni dawa ya huyu peke yake" yanasaidia, ila hayashibishi wengine. Pakiti 3 zikigawanywa kwa watoto wanne, mgonjwa anapata kilokalori 375 badala ya 1,500, na hapo mizani haisogei. Kumkaripia mama kwenye foleni ni ukatili na hakuna faida. Mradi mzuri hupanga unga au pesa za M-Pesa kwa nyumba nzima katika wiki hizo.

La pili ni kibarua. Kliniki ya lishe ikiwa Jumanne asubuhi, mama anayesimama alfajiri kwenye geti la kiwanda Industrial Area, au anayetafuta nguo za kufua Eastleigh, lazima achague kati ya pakiti 21 na ugali wa jioni. Akikosa mara mbili anaandikwa kuwa ameacha matibabu, na daftari halisemi kwa nini. Kwa mtoto anayeendelea vizuri, kumpa pakiti 42 za wiki mbili kwa mpigo na kumfundisha mama mwenyewe kutumia utepe hupunguza safari kwa nusu.

Tatu, stoo. Katoni moja ina pakiti 150, na kwa kawaida ndiyo inayomtosha mtoto mmoja hadi apone, wiki sita hadi nane. Kituo chenye watoto 40 hutumia takriban pakiti 800 kwa wiki, yaani katoni tano na zaidi. Oda hufuata ripoti ya mwezi: ikichelewa, au ikijazwa kwa kukisia, gari huleta katoni za watoto 25. Mwaka 2023 WHO iliingiza chakula tiba kwenye orodha ya dawa muhimu, jambo linalozipa serikali sababu ya kukiwekea bajeti. Miaka miwili baadaye Marekani, mfadhili mkubwa wa bidhaa hii, ilifunga shirika lake la misaada la USAID, na ikaonekana jinsi ilivyo hatari kwa stoo ya kliniki kutegemea mfuko mmoja wa mbali.

Mtoto huruhusiwa kuondoka utepe ukisoma 125 au zaidi katika ziara mbili zinazofuatana, na miguu haijavimba. Asitolewe kwenye daftari papo hapo. Mhudumu arudi kwenye ploti yake wiki mbili baadaye, tena baada ya mwezi, na utepe ule ule, sweta ikiwa imevuliwa.