Kubadili matumizi ya jengo la urithi: ofisi inapogeuzwa hoteli

Kubadili matumizi ya jengo la urithi ni kulipatia jengo la kale kazi mpya huku vile vinavyolifanya listahili ulinzi vikibaki mahali pake. Kubakiza ukuta wa mbele na kupandisha jengo jingine nyuma yake hakuhesabiki. Huko ni kuhifadhi barakoa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Reliance Building, mtaa wa State, katikati ya Chicago, Marekani. William Hale, mfanyabiashara wa lifti, alikuwa na jengo dogo kwenye kiwanja hicho, na wapangaji wake wa juu walikuwa na mikataba hadi 1894. Hakuwangoja. Mafundi waliziinua ghorofa za juu kwa jeki, wakabomoa ya chini, wakajenga msingi na ghorofa ya chini mpya huku wapangaji wakiendelea na shughuli zao juu. Msanifu wa kwanza, John Root, alifariki Januari 1891. Charles Atwood akaichukua kazi, na fremu ya chuma ya ghorofa kumi za juu ikasimamishwa kwa siku 15 tu; jengo likakamilika mwaka 1895.

Kwa kuwa uzito wote ulibebwa na fremu, kuta za nje hazikuwa na mzigo. Atwood akazijaza madirisha mapana na vigae vyeupe vya terakota, yaani udongo wa kuchomwa. Ofisi zenye mwanga kama huo ziliwafaa sana madaktari, wakiwemo wa meno, nao wakapanga kwa wingi.

Karne ya 20 haikulitendea jengo hili wema. Ukingo wa paa uliondolewa 1948, vigae vikapasuka, ghorofa za juu zikahamwa. Mwaka 1976 liliorodheshwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa, lakini orodha hiyo haimlazimishi mwenye jengo kufanya ukarabati. Hapa ndipo wengi hukosea: kuorodheshwa hakuzibi paa linalovuja. Jengo linahitaji mtu wa kulitumia na fedha za kulitunza. Katika miaka ya 1990 jiji la Chicago lilinunua Reliance na kukarabati sura ya nje, kisha wawekezaji wakaigeuza hoteli ya vyumba 122. Ilifunguliwa 1999 kwa jina la Hotel Burnham, kumkumbuka Daniel Burnham, ambaye kampuni yake ndiyo iliyolisanifu.

Kwa nini hoteli? Jibu limo kwenye ramani ya jengo. Ofisi za wakati ule zilitegemea mwanga wa jua, hivyo kila chumba kilipaswa kuwa karibu na dirisha: korido ndani, vyumba vidogo kandokando. Hoteli nayo inataka hivyo hivyo. Ofisi moja au mbili zinakuwa chumba cha kulala, bafu linachomekwa upande wa ndani, na korido yenye sakafu ya mozaiki, marumaru ukutani na milango ya mbao yenye vioo haiguswi. Majengo mapana ya ofisi yaliyokuja baada ya taa za umeme na viyoyozi ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu katikati yake hapafiki dirisha lolote.

Serikali ya Marekani husaidia kwa nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya gharama zinazokubalika za ukarabati, kwa sharti kwamba kazi ifuate viwango vya uhifadhi. Sharti hilo ndilo linalomzuia mwekezaji asing'oe milango ya zamani kwa kutaka ya bei rahisi.

Zanzibar tunayo mifano miwili, yote Shangani, ndani ya Mji Mkongwe ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Jengo la Extelecoms, lililokuwa la mawasiliano ya simu, lilikarabatiwa miaka ya 1990 na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan, likawa sehemu ya hoteli ya Serena. Mambo Msiige, nyumba ya karne ya 19 iliyowahi kuwa na ofisi za serikali, nayo imekuwa hoteli, ila huko kuliongezwa jengo jipya kando. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ililalamikia ukubwa wa nyongeza hiyo, na naona ilikuwa na haki. Nyumba ya kale ilipata mtunzaji, lakini mandhari ya ufukwe iliyokuwa ikiizunguka ndiyo iliyolipa gharama.