Karatasi inasema una aleji ya vyakula 40? Subiri kwanza

Siku hizi hii biashara imeshamiri kweli, mtu tumbo linamjaa gesi wiki mbili, anaenda kupima "aleji ya vyakula" halafu anarudi na karatasi ya rangi rangi, mayai nyekundu, maziwa nyekundu, ngano nyekundu, maharage, nyanya, hadi ndizi, na kuanzia siku hiyo pale nyumbani hakuna anayejua ampikie nini. Tuzipitie hizi dhana moja moja, maana kuna zinazoumiza mfuko tu na kuna zinazoweza kuondoka na mtu.

Dhana: chakula kikikusumbua basi una aleji nacho

Hapa ndo kila kitu kinapochanganyika. Aleji yenyewe, yani mzio, ni kinga ya mwili imekosea adui, inatengeneza kingamwili aina ya IgE dhidi ya protini ya karanga au kamba au yai, na ukila hata kidogo tu basi ndani ya dakika chache mpaka kama masaa mawili unawashwa mwili mzima, midomo inavimba, unatapika, kifua kinabana. Chakula kukukataa ni kitu kingine kabisa, kinga haihusiki, ni tumbo limeshindwa kukimudu na mara nyingi inategemea umekula kiasi gani.

Chukua maziwa. Sukari yake inaitwa laktosi, na kimeng'enya cha kuivunja kinapungua baada ya utoto kwa karibu theluthi mbili ya watu duniani, kwahiyo ukinywa maziwa mengi ukaharisha wewe sio mgonjwa, wewe ndo wengi. Wa ajabu ni wale wanaoendelea kuyanywa ukubwani bila shida! Mwaka 2007 mtafiti wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa jeni za watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta jamii za wafugaji huku kwetu zina badiliko lao lenyewe la jeni linalowafanya wamudu maziwa, sio lile la Wazungu. Na hata asiye nalo mara nyingi anaweza kunywa glasi moja, ambayo ina kama gramu 12 za laktosi, hasa akiinywa na chakula, na mtindi ndo rahisi zaidi maana wale bakteria wameshapunguza hiyo sukari. Kipimo chake ni cha kupuliza: unakunywa maji yenye laktosi halafu unapuliza kwenye mashine kila baada ya muda kwa masaa mawili matatu, wanaangalia haidrojeni, kwasababu laktosi isiyovunjwa inafika utumbo mpana, bakteria wanaichachusha, gesi inaingia kwenye damu na kutokea mapafuni. Kipimo cha damu cha aleji hapa hakikusaidii chochote.

Dhana: kipimo cha damu cha IgG kinaonyesha vyakula vinavyokudhuru

Hiki ndo kile cha karatasi ya rangi. IgG ni kingamwili ya aina nyingine, sio ile IgE ya mzio, na ikiwa dhidi ya chakula ni daftari la wageni tu, linaonyesha nani anapita pale mara kwa mara, halikwambii nani mwizi. Ndo maana mtu anayekula mayai kila asubuhi anakuta mayai yapo juu kabisa kwenye orodha. Tena watoto wanaotibiwa aleji kwa kuzoeshwa chakula kidogo kidogo, aina mojawapo ya hiyo IgG huwa inapanda wakati wanapona. EAACI, chama cha wataalamu wa aleji wa Ulaya, kilishasema mwaka 2008 kwamba kipimo hiki kisitumike kutafuta mzio wa chakula, na wenzao wa Marekani na Kanada wakaja kusema hivyo hivyo. Lakini bado kinauzwa, na bei yake sio ya kitoto.

Watu wanabisha, "mbona nilipoacha vile vyakula nilipata nafuu?" Ukiacha ngano, maziwa, maharage na kitunguu kwa mpigo lazima gesi ipungue, hata mimi ningekuchagulia hivyo vinne bila kukutoa damu.

Dhana: ile mashine ya kushika chuma mkononi inapima mwili mzima

Haipimi. Unashika kichuma dakika moja halafu kompyuta inatapika kurasa za majibu, ini, figo, aleji, mpaka upungufu wa vitamini. Hakuna njia inayojulikana ya chuma kujua kama kamba wanakudhuru. Vipimo vya aleji vya kutumia nywele navyo hivyo hivyo.

Dhana: IgE ikiwa pozitivu basi mjadala umeisha

IgE ni kipimo halali kabisa, iwe ya damu au ile ya kudonoa ngozi wanasubiri kama dakika 15 waone uvimbe (na hiyo usiende umemeza dawa za kuzuia mzio siku za karibuni, zinaficha majibu, muulize daktari uziache lini). Ila pozitivu maana yake kinga inakitambua hicho chakula, haimaanishi ukikila utaumwa. Kwa huku kwetu hili ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Ghana walipima zaidi ya watoto wa shule 1,600, karibu 17 kwa kila 100 walikuwa na IgE ya karanga kwenye damu, ila kwenye ngozi ni kama 2 tu kwa kila 100 waliojibu, na watoto wenyewe karanga walikuwa wanakula bila tatizo. Watafiti waliihusisha na kichocho, kwamba kinga iliyozoea minyoo inatengeneza IgE inayofananisha sukari zilizopo kwenye karanga na za mdudu. Kwahiyo kinachoamua ni historia yako: ulikula nini, kiasi gani, baada ya muda gani ikawaje. Bado kuna utata, unakula kile chakula kidogo kidogo hospitalini daktari akikuangalia, na hicho ndo kipimo cha mwisho. Usijijaribie nyumbani kama ulishawahi kuvimba au kubanwa kifua.

Dhana: nimekula jodari nikavimba, basi samaki ndo basi tena

Inawezekana ni mzio kweli, lakini uliza kwanza, mlikula wangapi? Jodari na vibua wakikaa juani bila barafu bakteria wanatengeneza histamini kwenye nyama, kemikali ile ile ambayo mwili huitoa ukipata aleji, na hiyo hata ukaange vipi haitoki. Uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, unawashwa, kama aleji kabisa. Kama sinia zima mliwashwa, shida ni huyo samaki wa siku hiyo.

Dhana: ngano inanisumbua, ngoja niache miezi miwili halafu nikapime

Usifanye hivyo. Ugonjwa wa siliaki, yani ule ambao mtu akila ngano kinga yake inashambulia utumbo wake mwenyewe, unatafutwa kwa kupima kingamwili kwenye damu, na ukishaacha chapati na mkate zile kingamwili zinashuka, unaambiwa huna wakati unao. Pima kwanza ukiwa bado unakula.

Dhana: mtoto asionje karanga mpaka akue

Ushauri wa zamani huo. Utafiti wa London uliotoka 2015 ulichukua watoto 640 wenye pumu kali ya ngozi au aleji ya yai, nusu wakalishwa karanga tangu uchanga na nusu wakazuiwa. Walipofika miaka 5 waliozuiwa wenye aleji walikuwa kama 17 kwa kila 100, waliolishwa kama 3. Mchanganyie uji na karanga iliyosagwa laini, nzima zitamkaba, na kama ana pumu kali ya ngozi anza na daktari.

Dhana: Piriton inatosha

Kwa vipele vya kuwasha sawa. Koo likibana, pumzi ikikata au mtu akilegea anataka kuzimia, anahitaji sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, haraka, kwahiyo mpakie kwenye gari saa hiyo hiyo badala ya kusubiri kidonge kifanye kazi. Mlaze miguu iwe juu, kama anashindwa kupumua akae, asitembezwe. Na akishapata nafuu akubali kubaki hospitali masaa kadhaa, maana hali inaweza kurudi hata kama hajala kitu kingine.