Kwa nini amplifaya yangu haiendi tena kwenye shoo ninazopiga peke yangu

Kwa miaka mingi nilikuwa nabeba amplifaya ya gitaa, ya valvu. Aliyewahi kuinyanyua Fender Twin Reverb anajua ninachosema: karibu kilo 29, wati 85, mpini mmoja tu juu, na ngazi huwa hazikosekani. Sasa nakwenda na modela, kifaa kidogo kinachoiga sauti ya amplifaya, kinachoingia kwenye begi la mgongoni. Watu hudhani mgongo ndio ulionishinda. Mgongo ulichangia, sikatai, lakini sababu yenyewe ni nyingine.

Ukipiga na bendi, amplifaya iliyo nyuma yako ni sauti moja kati ya nyingi. Ukiwa peke yako, una vitu viwili tu: gitaa na mdomo. Mdomo unatokea kwenye spika zilizo juu ya stendi, gitaa linatokea chini sakafuni, nyuma ya miguu yako. Tena spika ya gitaa ya inchi 12 humulika kama tochi. Sauti kali huenda mbele moja kwa moja, kwa hiyo aliyekaa kwenye mstari wake anachomwa masikio huku wa pembeni akisikia gitaa lililofifia. Halafu maiki ya kuimbia nayo inadaka gitaa hilohilo. Ukijaribu kupandisha mdomo, unapandisha na gitaa. Modela inaua tatizo hili lote kwa sababu gitaa na sauti yako vinatoka kwenye spika moja, vikiwa na uwiano uleule kila mahali ukumbini. Hiyo peke yake ilinitosha.

Kitu chenyewe si kigeni. Roland walitoa VG-8 mwaka 1995, Line 6 wakaja na POD mwaka 1998, ile nyekundu yenye umbo la haragwe. Ndani kuna kompyuta ndogo inayoiga tabia za saketi za amplifaya: namna valvu inavyokwaruza ukipiga kwa nguvu na inavyotulia ukilegeza mkono. Sehemu hiyo siku hizi inafanywa vizuri mno, sitapoteza muda nayo. Wengi hukwama kwenye spika.

Spika ya gitaa haipitishi kila kitu. Kuanzia kama 5 kHz (kilohezi, kipimo cha sauti kuwa nene au nyembamba; namba kubwa ni sauti nyembamba) kwenda juu inaanza kumeza, na kumeza huko ndiko tulikozoea kuita sauti ya gitaa la umeme. Spika za ukumbi zinapitisha mpaka karibu 20 kHz. Ukichomeka amplifaya ya kuigiza bila kuigiza spika yake, unapata nyuki ndani ya debe. Dawa yake ni faili ya IR, ambayo ni kipimo cha jinsi kabineti fulani (boksi la spika), ikiwa imerekodiwa na maiki fulani mahali fulani, inavyoibadilisha sauti. Kwangu mimi kubadili IR kunageuza sauti kuliko kubadili amplifaya, kwa hiyo ukiona gitaa halikai sawa, anzia hapo. Na ukiamua siku moja kuchomeka modela kwenye amplifaya ya kweli, zima IR, maana utakuwa na spika mbili zilizopangana na gitaa litasikika kama limefunikwa blanketi.

Shoo yangu ya kwanza na modela ilikuwa aibu, na kosa lilikuwa langu. Sauti zote nilizitengeneza usiku, na hedifoni, kwa sauti ya chini. Zilikuwa nzito, zinang'aa, nikajipongeza. Siku ya siku, besi ikavuma mpaka maneno ya wimbo yakapotea, na kila nikigusa waya wa kwanza nawaona watu wa meza ya mbele wanakunja uso. Watafiti Fletcher na Munson walishalieleza jambo hili mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, sikio halisikii vizuri besi na zile sauti za juu kabisa. Mimi nilikuwa nimeziongeza kufidia upungufu wa sikio, na sauti ilipopandishwa, sikio likarudi kawaida huku nyongeza yangu ikibaki palepale. Sasa natengeneza nikiwa nimesimama, kwenye spika nitakayoitumia, kwa ukubwa wa shoo, na maiki ikiwa wazi naimba. Jirani zangu wanaujua mpangilio wangu wote.

Kwenye ekuaiza, yaani vitufe vya kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu, ushauri mwingi utakaokutana nao umeandikwa kwa ajili ya watu wa bendi. Wanakwambia kata kila kitu chini ya 120 Hz ili kumpisha mpiga besi. Wewe huna mpiga besi! Kidole gumba chako ndicho besi. Waya mnene wa mwisho, ukiwa kwenye tyuni ya kawaida, unalia kwenye 82 Hz, kwa hiyo mimi nakata chini ya 70 hivi na kuuacha uhai wake. Juu nakata kuanzia 6 kHz. Kisha napunguza kidogo, desibeli mbili au tatu, kati ya 2 na 4 kHz, kwa sababu konsonanti za maneno zinaishi humo. Gitaa likisikilizwa peke yake linaonekana limepungukiwa. Anza kuimba, utaelewa.

Stereo nayo inadanganya. Korasi pana, ile efekti inayofanya gitaa moja lisikike kama mengi, iliyokuliza machozi kwenye hedifoni, ikiunganishwa kuwa mono (kushoto na kulia kuwa sauti moja), pande zake mbili zinaweza kuulana na kuacha sauti nyembamba ya ajabu. Kama ukumbi una spika moja, tengeneza mono tangu mwanzo.

Kuchelewa kwa sauti kusikutishe. Modela nzuri huchelewa milisekunde mbili tatu. Sauti hewani huenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ni kama kusogea mita moja kutoka kwenye amplifaya yako, na hujawahi kulalamikia mita moja.

Nilichopoteza kipo. Ile noti unayoishikilia mbele ya amplifaya ikaanza kujilisha yenyewe na kuimba, sijaipata kwenye spika ya ukumbi. Na umeme ukikatika sekunde moja tu, modela inaanza kuwaka upya kama simu, na wewe umesimama pale unatabasamu. Ndiyo maana begini nina DI boksi ya kawaida (kiboksi cha kuunganisha gitaa na mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti) na kebo ya ziada: gitaa linaingia mikisa kavukavu na wimbo unaendelea. DI hiyo ina kazi ya pili, kuikinga modela na volti 48 ambazo mikisa hupeleka kwa ajili ya maiki, na swichi yake ya kukata athi (muunganiko wa waya wa ardhini) huondoa ule mvumo unaotokea vifaa vikichomekwa soketi tofauti.

Nikifika ukumbini napiga kodi moja ya gitaa, naimba mstari mmoja, nageuza ekuaiza kuu ya modela kidogo kufuatana na chumba, nikiacha mipangilio ya nyimbo ilivyo. Halafu naenda kutafuta maji ya kunywa.