Saa mbili ya nani?

Simu iliita saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Alikuwa katibu wa chama cha akiba na mikopo ambacho tulikuwa tumekitengenezea mfumo wa kukumbusha wanachama marejesho yao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, hii programu yako hailali? Imeniamsha mara nne."

Nikafungua laptop kitandani. Ni kweli: kila mwenye rejesho wiki ile alikuwa amepata meseji ileile mara nne, zote ndani ya dakika moja. Baadaye nikaambiwa kuna mzee aliyekwenda ofisini kuuliza ni lini amekopa mara nne. Makubaliano yetu yalikuwa meseji moja, saa mbili asubuhi.

Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili yangu. Nayaeleza hapa kwa sababu kila ninapokagua kazi za watu wanaoanza kuweka ratiba ndani ya programu, nayakuta yote mawili yamekaa pale yakisubiri siku yake.

Nianze na saa. Kwenye ratiba nilikuwa nimeandika 2. Katibu alisema saa mbili, mkono ukaandika mbili. Sisi saa tunaianza jua linapochomoza, mashine inaianza saa sita usiku, kwa hiyo saa mbili asubuhi kwa mashine ni 08:00. Hilo kila mtu analijua akiwa macho. Ila seva, ile kompyuta ya mbali inayoendesha programu, nayo haikuwa kwenye saa zetu. Kama seva nyingi za kukodi, ilikuwa imewekwa UTC, saa ya kimataifa ya marejeo, ambayo iko saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki. Basi ile 2 yangu ikawa 02:00 ya UTC, yaani 05:00 ya hapa, yaani saa kumi na moja alfajiri. Hata ningekumbuka kuandika 8, meseji ingefika saa tano asubuhi. Namba sahihi kwa seva ile ilikuwa 5. Wakati mmoja, namba tatu: mbili mdomoni mwa katibu, 8 kwenye simu yake, 5 kwenye seva.

Tangu siku ile, kwenye karatasi ya mahitaji naandika zote pamoja, "saa mbili asubuhi (08:00, Dar es Salaam)", na mteja anaisoma kwa sauti mbele yangu. Na sifanyi hesabu ya kutoa tatu kichwani. Naiambia ratiba yenyewe kwamba inafuata Africa/Dar_es_Salaam, kisha naandika 8. Karibu kila chombo cha kisasa kina mahali pa kuweka hilo. Mtu atakayehamisha seva mwaka kesho hatajua kwamba ile 5 ilikuwa imeshapunguzwa.

Tunadekezwa kidogo huku kwetu, maana saa zetu hazisogezwi mbele wala nyuma kufuata majira. Lakini ukivuka kwenda Bujumbura, Kigali au Bukavu tayari uko saa moja nyuma ya Dar. Na ukipata mteja Ujerumani, kuna Jumapili ya mwisho ya Machi ambapo 02:30 haipo kabisa, saa inaruka kutoka 02:00 hadi 03:00, halafu Jumapili ya mwisho ya Oktoba 02:30 hiyohiyo inapita mara mbili. Kazi za Ulaya nazipanga nje ya dirisha hilo, sitaki kujua kila chombo kinalichukuliaje.

Sasa zile meseji nne. Ratiba niliiweka ndani ya programu ya wavuti yenyewe, kwa maktaba ya Python iitwayo APScheduler. Kwenye mashine yangu ilifanya kazi vizuri sana. Kwenye seva, programu ile inaendeshwa na Gunicorn, ambayo haiwashi programu moja, inawasha vibarua kadhaa wanaopokea maombi kwa pamoja. Nilikuwa nimeweka vibarua wanne. Kila kibarua alipoamka alisoma faili la kuanzia, akakuta mstari unaosema "washa ratiba", akawasha. Ni kama saa za mezani nne zinazopiga kengele chumba kimoja, hakuna inayoijua mwenzake.

Dawa ya kwanza ni kuitoa ratiba nje ya programu ya wavuti. Iwe mchakato wake peke yake, au iachiwe cron ya seva, chombo kinachoendesha amri kwa saa zilizopangwa. Wanaotumia Celery, chombo cha Python cha kugawa kazi kwa vibarua, wanaijua sheria hii kwa jina lingine: vibarua weka hata ishirini, lakini anayepiga kengele, yule beat, awe mmoja tu.

Dawa hiyo haitoshi. Kesho kutwa mtu ataongeza seva ya pili kwa sababu ya mzigo, naye atainakili ya kwanza pamoja na cron yake. Kwa hiyo kazi yenyewe lazima ivumilie kuitwa mara mbili. Tuna jedwali la kumbusho lenye safu tatu: namba ya mwanachama, aina ya kumbusho, na tarehe ya rejesho, hifadhidata imekatazwa kukubali mistari miwili yenye vitu hivyo vitatu sawa. Kabla ya kutuma, programu inajaribu kuingiza mstari. Ukikubaliwa, inatuma. Ukikataliwa, kuna mwenzake ameshatangulia, inapita kimya.

Msomaji makini atauliza: je, mstari ukiingia halafu umeme ukakatika kabla meseji haijaondoka? Hapo mwanachama hapati kitu, na jedwali linadai amepata. Ukigeuza, ukatuma kwanza na kuandika baadaye, umeme ukikatika katikati atapata mbili. Njia ya tatu sijaiona pale unapoongea na mtandao wa simu ambao hauko ndani ya hifadhidata yako. Unachagua hasara unayoweza kuibeba. Kwa kumbusho nilichagua ipotee, kwa sababu mwanachama ana kadi yake na tarehe anaijua. Kwa riba ya mwezi mambo ni tofauti, na ni rahisi zaidi: kuandika riba kwenye akaunti na kuandika kwamba riba ya mwezi huo imeshawekwa yote yako kwenye hifadhidata moja, kwa hiyo yanafungwa kwenye muamala mmoja. Yanaingia yote au haliingii hata moja. Ukiona mtu anaweka riba bila alama ya "mwezi huu umeshapita", mwambie mapema.

Nimetaja cron. Chombo hiki kimetoka na mfumo endeshi wa Unix miaka ya 1970, na ile iliyo kwenye Linux nyingi inatokana na iliyoandikwa na Paul Vixie mwaka 1987. Sehemu tano: dakika, saa, tarehe, mwezi, siku ya wiki, kisha amri. Watu wanaichukulia nyepesi kwa sababu mstari wake ni mfupi. Angalia huu, niliouandika wakati chama kilipotaka kukumbushwa mkutano wa Jumamosi ya kwanza ya mwezi:

0 8 1-7 * 6 /opt/chama/mkutano.sh

Nilisoma hivi: saa mbili asubuhi, tarehe 1 hadi 7, ikiwa Jumamosi. Cron haisomi hivyo. Ukibana tarehe na siku ya wiki kwa pamoja, yenyewe inachukulia "au": tarehe 1 hadi 7 siku yoyote ile, na tena kila Jumamosi ya mwezi mzima. Safari hii niliuona kabla haujaenda kwa katibu. Ulipaswa kuwa hivi:

0 8 1-7 * * [ "$(date +\%u)" = 6 ] && /opt/chama/mkutano.sh

Tarehe inabanwa na cron, siku inaulizwa kwenye amri. Na ile alama ya mkwaju kabla ya asilimia si pambo. Kwenye cron asilimia tupu ni kukata mstari, na amri yako itakatwa hapohapo.

Nyingine ya aina hiyo ni */40 kwenye dakika. Si kila baada ya dakika arobaini. Inapiga dakika ya 0 na ya 40, halafu saa inaanza upya, kwa hiyo mapengo ni arobaini, ishirini, arobaini, ishirini. Namba ambayo haigawi 60 sawasawa usiipe cron. Na ukiwa na crontab, amri ya kuhariri ratiba za cron, -r, herufi jirani kabisa na -e ya kuhariri, inafuta ratiba yako yote bila kuuliza. Weka nakala mahali.

Kazi zikigongana, yaani ya saa hii haijaisha na ya saa ijayo inaanza, tanguliza flock -n, amri ya kufunga kufuli, na faili la kufuli mbele ya amri yako. Ya pili ikikuta kufuli inaondoka. Sina la kuongeza hapo.

Kinachonisumbua zaidi ya meseji nne ni kazi ambayo haikufanyika. Meseji nne zina mama wa kupiga simu. Kazi iliyokufa haina. Nakala ya hifadhidata yetu ilikuwa ikichukuliwa kila usiku na amri iliyounganishwa kwa bomba: pg_dump inatoa data, gzip inaifinya, faili linaandikwa. Siku moja nikaorodhesha folda ili nipunguze faili za zamani. Faili zilikuwepo, moja kwa kila usiku, tarehe zimepangika vizuri. Kila moja ilikuwa na baiti 20.

Baiti 20 ndio ukubwa wa gzip iliyofinya hewa. Tulikuwa tumebadilisha toleo la PostgreSQL, programu inayoendesha hifadhidata yetu, na pg_dump mpya ilikuwa kwenye folda ambayo mimi nikiingia kwenye seva naiona, lakini cron haiioni, kwa kuwa cron haisomi mipangilio yangu. Kwa kawaida inazijua /usr/bin na /bin tu. pg_dump ikashindwa kila usiku, gzip ikapokea utupu, ikaufinya kwa uaminifu, na kwa kuwa jibu la bomba zima ni jibu la amri ya mwisho, cron ikaambiwa kila kitu kimekwenda salama. Malalamiko yalitumwa kwa barua pepe ya ndani ya seva, sanduku ambalo hakuna aliyewahi kulifungua.

Sasa hati ya amri za nakala inaanza na bash, kisomaji cha amri, na set -o pipefail, inayofanya bomba zima lihesabiwe limeshindwa amri yoyote ikishindwa, njia zote zimeandikwa kwa urefu, na faili likiwa dogo kuliko nusu ya lile la jana, hati inakataa kuendelea. Mwisho kabisa, baada ya yote kupita, inagonga anwani moja kwenye mashine nyingine. Mashine hiyo kazi yake ni kusubiri kugongwa: ikifika saa kumi na mbili asubuhi haijagongwa, inanitumia meseji. Kengele inalizwa na ukimya. Ukiifanya kazi ndiyo itoe taarifa ikishindwa, siku seva ikizimika hakuna wa kutoa taarifa.

Wiki iliyopita katibu ameniletea lingine, anataka kumbusho Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi. Cron ya kawaida haina neno la "mwisho". Nimeiweka ipige kila Ijumaa saa 08:00, na ndani ya programu swali ni moja: ukiongeza siku saba, mwezi umebadilika? Kama haujabadilika, inarudi kulala. Nimemsomea kwa sauti, naye akauliza kama ni saa mbili ya kweli au ile ya siku ile.