Ile gia ya tatu hukuti kwenye difu yoyote

Juzi kijana wetu hapa gereji Moshi kaniuliza, haya malori ya zamani ya difu mbili nyuma (difu ni zile gia za kwenye ekseli zinazozungusha tairi), yale yenye swichi ya spidi tatu kwenye kichwa cha gia, kama kila difu ina spidi mbili tu, lo ya polepole na hai ya mbio (sio Hai ya Bomang'ombe jamani), ya tatu inatokea wapi? Maana ukizifungua zote mbili huikuti.

Tuanze na difu moja. Ndani ya kraunwili, ile gia kubwa ya difu, kuna planetari, yaani gia ya katikati iliyozungukwa na vigia vidogo. Ikiwa lo, gia ya katikati inashikwa na nyumba ya difu isizunguke, vile vigia vidogo vinaizunguka na tairi linaenda polepole kuliko kraunwili, nguvu inapanda. Ikiwa hai, gia hiyo inasogezwa inajifunga na hivyo vidogo, vyote vinazunguka kitu kimoja. Inasogezwa na upepo, vakyumu au mota ya umeme, ila dereva ainue mguu kidogo kwenye mafuta, meno yakiwa yamebanwa na mzigo hayachomoki ng'o.

Sasa utamu wenyewe. Kati ya hizo difu kuna nyingine ndogo inayozigawia nguvu ya injini. Weka moja lo, nyingine hai. Tairi zote ziko chini zinaenda sawa, kwa hiyo ya lo inataka propela, ile shafti ya kutoka giaboksi, izunguke sana, ya hai inataka kidogo, ile ndogo inawapatanisha. Lile lori letu, tairi ikizunguka mara moja, kwenye lo propela inapiga kama 8, kwenye hai kama 6. Tukapiga chaki kwenye tairi na kwenye propela inayotoka giaboksi, gia fri, trekta ikavuta taratibu tairi mzunguko mmoja, propela ikapiga saba. Kijana akasema turudie, tukarudia, saba, ndiyo hiyo ya tatu. Giaboksi ya gia tano inakupa kumi na tano, unapanda na mzigo Mto wa Mbu kwenda Karatu unatafuta inayokufaa.

Ila ukikaa hapo katikati zile spaida, vigia vya ndani ya ile difu ndogo, hazipumziki hata barabara ikinyooka, oili iwe safi. Na loki, ile ya kuifunga difu ndogo, usiiguse! Kuna mtu aliifunga kwenye lami akiwa na mzigo, propela fupi ya kati ya difu ikasokotwa kama kamba ya katani. Namuuliza kwa nini, ananijibu, "Fundi, nilijua inaongeza nguvu."