Je, Yesu alikuwa nusu Mungu, nusu mtu?

Mtwara na Lindi, Wakristo na Waislamu wanakaa mtaa mmoja, na swali hili hufika barazani: kama mnasema Yesu ni Mungu, basi yule aliyelala usingizi mashuani, mawimbi yakiingia, alikuwa nani? Wapo Wakristo wanaojibu upesi kwamba alikuwa nusu mtu, nusu Mungu: nusu ililala, nusu ikaukemea upepo.

Jibu hilo linaeleweka haraka, lakini si imani ya Kikristo. Waanglikana, walioanza kazi Masasi mwaka 1876, na Wakatoliki wa abasia ya Ndanda wanalikataa kwa pamoja. Wote wanakiri kwamba Yesu ni Mungu kamili na mtu kamili, nafsi moja.

Ubaya wa nusu ni kwamba inapoteza pande zote mbili. Umungu haugawanyiki mafungu, kwa hiyo nusu Mungu si Mungu. Na nusu mtu si mtu. Karne ya 4, Apolinari wa Laodikea alifundisha kwamba Kristo alikuwa na mwili wa kibinadamu, ila mahali pa akili ya kibinadamu palishikwa na Neno wa Mungu, yaani Mungu Mwana. Gregori wa Nazianzo akampinga kwa hoja ambayo mpaka leo haijapata jibu: kisichotwaliwa hakikuponywa. Dhambi huanzia akilini. Kama Kristo hakuwa na akili ya mtu, basi sehemu iliyougua zaidi ndiyo iliyoachwa bila dawa. Fundisho la Apolinari lilikataliwa Konstantinopoli mwaka 381.

Mwaka 451 maaskofu walikutana Kalsedonia, katika Uturuki ya leo, wakatamka kwamba asili mbili za Kristo, ya Mungu na ya mtu, zimeungana bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Ni makatazo manne. Yanaweka mipaka ya usemi, hayadai kufungua fumbo lote.

Lakini vitu viwili vinakuwaje kimoja bila kuchanganyika? Maksimo Muungamadini, mmonaki wa karne ya 7, alitumia mfano wa upanga uliochomwa motoni. Mhunzi yeyote anaufahamu. Panga likikaa kwenye makaa, mvukuto ukipuliza, chuma huiva mpaka ncha kwa ncha. Huwezi kuonyesha upande wa moto na upande wa chuma. Hata hivyo chuma hakikugeuka moto, bado kina makali. Wala moto haukugeuka chuma, bado unaunguza. Ukikata nalo, pigo ni moja, na katika pigo hilo panga linakata kwa kuunguza na kuunguza kwa kukata. Ndivyo mashuani: aliyelala na aliyekemea upepo ni yuleyule mmoja.

Mfano una ukomo. Panga lilikuwepo kabla ya kuingia motoni, na likitolewa linapoa. Wakristo wanaamini hakukuwa na mtu Yesu kabla ya muungano huo, na kwamba muungano wenyewe hauna mwisho. Tena chuma hakina utashi, na hapo ndipo Maksimo alipolipa gharama. Alishikilia kwamba Kristo alikuwa na utashi wa kibinadamu pia, vinginevyo sala ya Gethsemane, “si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe”, ingekosa maana. Mwaka 662 alikatwa ulimi na mkono wa kuume, akafa uhamishoni mwaka huohuo. Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa 680 hadi 681 ulikubali fundisho lake.

Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Ethiopia hawakuipokea Kalsedonia. Wao husema asili moja iliyoungana. Kwa karne nyingi walihesabiwa kuwa wamemeza ubinadamu wa Kristo ndani ya umungu, jambo ambalo wao wenyewe hulikana. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia saini tamko moja: umungu wake haukutengana na ubinadamu wake hata kwa kitambo cha kupepesa jicho.